Maziwa Yaliyoshuka Mguuni

Waliokuwapo nyumbani asubuhi ile ni hawa: Safiya, aliyejifungua kwa kupasuliwa na ambaye alikuwa bado katika arobaini yake, mwanawe wa kiume, asiye na jina kwa sababu baba yake hajarudi kumpa, Sikujua, mama mzazi wa Safiya, ambaye ndani ya chumba kile neno lake lilikuwa la mwisho, Micheline, jirani, mke wa mvuvi wa maporomokoni, aliyeitwa ili amshike mgonjwa mabega, na Zakaria, aliyeketi barazani nyuma ya pazia, kwa kuwa mwanamume haingii chumba cha mzazi. Zakaria alikuwa amu yake Alfani, mume wa Safiya. Alfani mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Opala kwa njia ya mto kununua mpunga, na tangu aondoke, kila walipompigia simu waliambiwa kwamba mtu huyo hapatikani.

Kilichowakusanya ni mguu.

Mguu wa kushoto wa Safiya ulikuwa umevimba kutoka kifundoni hadi pajani. Ngozi ilikuwa imetanda na kung'aa, na ukiigusa ilikuwa na joto kuliko ile ya mguu wa pili. Kwa Sikujua hapakuwa na fumbo lolote. Nyumbani kwao, tangu enzi za bibi zake waliozaliwa katika familia za Waswahili wa mji huu, ilijulikana kwamba mzazi asipotulia kitandani maziwa yake hupotea. Badala ya kupanda kifuani, hushuka mguuni na kuganda humo. Kwa sababu hiyo Safiya alikuwa hajaruhusiwa kukanyaga chini tangu arudi kutoka hospitali, ingawa wauguzi walimwambia atembee. Na dawa ya maziwa yaliyopotea ilikuwa kuyarudisha yalikotoka: mguu ukandwe kwa kitambaa cha maji ya moto na mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, kuanzia chini kwenda juu, kwa nguvu, mpaka maziwa yakumbuke njia.

"Hii maziwa ni ya ajabu," alisema Micheline, akiwa amemkumbatia Safiya kwa nyuma. "Kifua iko hapa karibu, yenyewe inashuka mpaka kwa muguu. Labda ilikuwa inaenda Simi-Simi kupanda ndege."

"Mama Micheline, usinichekeshe. Kidonda itapasuka."

"Ikipasuka tutashona. Bwana yangu anasuka mitego ya samaki kila siku. Tumbo moja itamushinda?"

"Nyamazeni," Sikujua alisema, lakini naye alikuwa akitabasamu. Alipiga magoti kando ya mkeka, akakamua kitambaa, akakizungusha kwenye ule mguu, kisha akamimina mafuta viganjani. Mikono yake ilikuwa imewakanda wazazi wengi wa mtaa ule, na yenyewe ilijua pa kuanzia. Ilipanda kutoka kifundoni hadi kwenye shavu la mguu, na kutoka hapo hadi nyuma ya goti. Ilipofika nyuma ya goti ikasimama. Chini ya vidole gumba palikuwa na kitu kigumu, kirefu, mfano wa kamba iliyolowa maji.

"Nimeipata," alisema.

"Mama, polepole."

"Wakati wa kuzaa ulisema polepole?"

"Mimi sikuzaa. Walinipasua."

"Bon. Ndiyo maana maziwa haijui njia."

Akaisukuma ile kamba kuelekea juu, kidole gumba baada ya kidole gumba, kwa uzito wa mabega yake yote. Safiya aliuma upande wa kanga. Ghafla Sikujua akasikia kwamba ugumu ule umelegea chini ya mkono wake, akashusha pumzi ya kuridhika. Alikuwa bado hajainua uso wakati Safiya alipokohoa.

Alikohoa mara moja tu, kikohozi kikavu na kifupi. Kisha akaketi wima kana kwamba mtu amemwita kutoka nje.

"Mama," alisema. "Hewa."

"Hewa gani?"

"Haiingii."

Midomo yake ilikuwa imepauka ikawa na rangi ya majivu. Mabega yalipanda na kushuka, matundu ya pua yalipanuka, na shingoni mshipa ulikuwa ukipiga mbio hata Micheline, aliyekuwa nyuma yake, akauona. Mkono mmoja ulishika ubavu, mahali ambapo, kama alivyoeleza baadaye, palikuwa na kitu kama kisu kila alipojaribu kuvuta pumzi. Mkono wa pili ulikuwa ukipapasa hewani ukimtafuta mama yake. Sikujua alipoushika aliukuta umeloa jasho, tena ni wa baridi.

Micheline aliita jina la Yesu. Sikujua alileta shahada mdomoni. Zakaria, aliyesikia sauti zile barazani, akalifungua pazia akaingia katika chumba cha mzazi, na hakuna aliyemkumbusha desturi.

Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, Safiya amebanwa katikati ya dereva na mama yake, kichwa kikimwangukia Sikujua begani kila walipopita shimo. Micheline na Zakaria walifuata kwa nyingine pamoja na mtoto. Njia nzima Sikujua hakuona mtu wala nyumba. Alikuwa akisikiliza. Pumzi ya binti yake ilikuja fupi fupi, kama ya mbwa kwenye jua, na baina ya pumzi moja na nyingine mama alikufa na kufufuka. Aliwaza: ikikatika nitajuaje? Nitahisi kwa mgongo wake au kwa kichwa chake?

*

Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na ukumbi wa wagonjwa wa dharura ulikuwa na giza la mchana. Muuguzi Orpha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, alimlaza Safiya huku mto umeinuliwa, akaburuta mtungi wa oksijeni kwa mkono mmoja, na kumbana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachosoma hewa iliyomo katika damu. Namba iliyotokea ilipaswa kukaribia mia. Ilikuwa imeshuka katika themanini, ikawa inacheza humo, haipandi.

"Hii ni palu," Zakaria alisema, akimaanisha malaria. "Palu kali. Muchome kinini."

"Papa, kila kitu kwenu ni palu," Orpha alijibu bila kugeuka. "Hata mutu akianguka kwa muti mutasema palu ilimusukuma. Subiri docteur."

Daktari aliyekuja aliitwa Ursule. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, na kwa jinsi alivyotembea polepole Sikujua alitaka kumpigia kelele. Alipima malaria, hakuikuta. Aliuweka mpira wa kusikilizia mapafu mgongoni mwa Safiya, juu, kati, chini, kulia na kushoto, akarudia tena kana kwamba amepoteza kitu mle. Hatimaye aliuvua.

"Ajabu," alisema. "Kama ingekuwa nimonia ningesikia makelele. Haya mapafu ni safi. Hewa inaingia vizuri kabisa, lakini damu haiji kuichukua." Alimwinamia Safiya. "Mama, ilikuanza polepole au ghafla?"

"Ghafla," Safiya alinong'ona.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Safiya aliivuta kanga juu ya mguu. Alimtazama mama yake, kisha akatazama dari.

Daktari aliifunua kanga. Akaitazama miguu miwili iliyolala sambamba, mmoja kama wa msichana, mwingine kama umekopwa kwa mtu mzima zaidi. Alipitisha kidole juu ya ule uliovimba, akakiinua karibu na pua. Kiling'aa kwa mafuta.

"Nani amekanda huu muguu?"

Ukumbini palikuwa na mtoto wa kitanda cha jirani akilia, na mtu akiburuta ndoo. Zakaria alikohoa. "Ni desturi yetu, docteur. Maziwa ikishuka, tunairudisha."

"Mimi sikuuliza desturi, papa. Nimeuliza nani."

"Ni mimi," alisema Sikujua.

Alitarajia kukemewa, na laiti angekemewa ingekuwa nafuu. Daktari Ursule alivuta kigoda na kukaa, wakawa uso kwa uso.

"Mama, mikono yako ndiyo iliyofika pale kabla yangu. Nisaidie. Chini ya vidole ulisikia nini?"

"Kamba. Nyuma ya goti. Ngumu."

"Halafu?"

"Nikaisukuma. Ikalegea."

"Alipoanza kukosa hewa, ilikuwa kabla ya kulegea au baada?"

"Baada. Palepale."

Daktari aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ile kamba," alisema, "sasa iko wapi?"

Hapo ndipo hofu, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikimzunguka Sikujua kwa nje, ilipomwingia. Aliviona vidole vyake, vilivyokuwa bado na mafuta. Alivificha chini ya kanga. Swali lile lilikuwa jepesi hata mtoto angelijibu. Kitu kikisukumwa juu kinakwenda juu.

*

Hapakuwa na skana pale, ile mashine kubwa ambayo ingeyapiga picha mapafu na kuionyesha mishipa yake. Palikuwa na ekografi, mashine ndogo yenye kioo, na betri yake ilikuwa imebaki na nguvu kidogo. Daktari alisema atautazama mguu, kwa maana aliyeiba mahindi huacha mengine njiani. Alimwita Sikujua asogee aone. Micheline alimvuta kanga kwa nyuma kumzuia, lakini yeye akasogea.

"Tazama. Haya maduara meusi mawili ni mishipa. Huu mmoja unapiga, unapeleka damu. Huu mwingine unairudisha. Mshipa wa kurudisha ni laini, nikiubana kidogo hufumba kama jicho. Tuanze na muguu muzima."

Alibana kidogo juu ya paja la kulia. Katika kioo lile duara likafumba, likatoweka. Alipoachia, likafumbua.

"Sasa huu."

Akaupeleka ule mkono wa mashine kwenye mguu wa kushoto, akabana kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayegusa yai kuona kama limepasuka. Duara halikufumba. Alibana tena, sentimita chache chini, halikufumba. Lilikuwa pale limekodoa, limejaa kitu cha kijivu, na nyuma ya goti lilikuwa limejaa zaidi. Sikujua alipatambua mahali pale. Alipatambua kwa vidole gumba vyake. Daktari alikuwa akipagusa kwa woga mahali ambapo yeye alipasukuma kwa mabega.

"Si maziwa," Daktari Ursule alisema. "Ni damu. Mwanamke akiwa na mimba damu yake huwa nyepesi kuganda, Mungu ameiweka hivyo ili asiishe damu siku ya kuzaa. Halafu kisu kimepita. Halafu amelala bila kutembea. Damu ya muguuni ikasimama, ikaganda. Kipande kimekatika, kimepita moyoni, kimekwama katika mapafu. Sina skana ya kuniapisha, lakini kwa niliyoyaona sihitaji kiapo." Akapangusa yale mafuta ya mashine kwa kitambaa. "Na kilichobaki muguuni ni kingi kuliko kilichopanda. Kutoka sasa mutu asiuguse huu muguu. Hata kwa mapenzi."

"Utakitoa?" Zakaria aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, papa. Iko dawa kali ya kuyeyusha, lakini tumbo lake bado bichi, lingefunguka ndani. Tutamchoma heparini, chini ya ngozi ya tumbo, asubuhi na jioni. Haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue na lisizae mengine, halafu mwili wenyewe unalimumunya polepole. Akipata nafuu atatembea, na atameza vidonge kwa miezi. Mutoto anyonye, dawa haimudhuru."

"Na ubaya wake?"

"Ubaya wake ni kwamba damu haitaganda haraka. Na yeye ana kidonda. Anaweza kutoka damu."

Zakaria alimtazama Sikujua, na Sikujua akatazama sakafu. Wote wawili walikuwa wamefikiria mtu mmoja. Dada mkubwa wa Sikujua alijifungua ng'ambo, Lubunga, na damu haikukatika. Walimvusha mto kwa mtumbwi kumleta upande huu. Sikujua, wakati huo msichana, alipewa kopo atoe maji yaliyoingia mtumbwini. Alichota na kumwaga, akachota na kumwaga, na yale maji yalizidi kuwa mekundu hadi akajua kwamba hayaingii kutoka mtoni. Hawakufika upande huu na mtu hai. Tangu siku hiyo hakuna kitu alichokiogopa kama damu ya mzazi isiyokatika, na sasa mwanamke mwenye miwani ya uzi alikuwa akimwomba ruhusa ya kuizuia isikatike.

Ruhusa yenyewe haikuwa yake. Safiya alikuwa ameolewa, na mahari yalikwisha kupokelewa. Mume asipokuwapo, neno ni la ukoo wa mume. Sikujua alikuwa bokilo, mkwe, na mahali pa mkwe katika mashauri kama hayo ni kusikiliza.

Zakaria alitoka nje na simu, akampigia Alfani, akapiga tena, akarudi.

"Moja," alisema. "Muchome moja. Halafu tumungoje mwenye mke."

Ilikuwa ni jioni, mwanga ukififia dirishani. Sikujua alimshika binti yake mkono wakati sindano ilipoingia. Ilikuwa ndogo mno, na haikuchukua muda. Alishangaa kwamba kitu cha kutisha namna ile kinaweza kuwa kidogo hivyo.

*

Asubuhi, Orpha alipofunua shuka, bandeji ya tumboni ilikuwa nyekundu.

"Docteur!" aliita, bila kupaza sauti sana, na kule kutopaza ndiko kulikowatisha. Micheline aliyekuwa amembeba mtoto aliinuka akaketi, akainuka tena. Zakaria aliyekuwa ameleta lituma, ndizi zilizopikwa na kupondwa, na samaki katika bakuli alilisimamisha lile bakuli juu ya dirisha, likabaki huko na mfuniko wake.

Sikujua alisimama ukutani. Harufu ilimfikia, harufu ile ile ya chuma kilicholowa, na kwa kitambo hakuwa katika ukumbi ule. Alikuwa na kopo mkononi.

"Nilisema mimi!" Zakaria alikuwa akisema. "Nilisema! Mwanamke amezaa, amepasuliwa, damu yake iko kidogo, munamuchoma dawa ya kutoa ile imebaki! Sindano imeisha. Hakuna nyingine."

"Papa Zakaria, acha nione kwanza."

"Ona. Lakini sindano, hapana. Alfani akirudi akute muke wake amekauka kama samaki wa chumvi, nitamwambia nini mimi? Nitamwambia docteur alivaa miwani?" Sauti ilimpasuka katikati, na Sikujua akaona kwamba mzee yule alikuwa karibu kulia. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa kama Sikujua, isipokuwa hofu ya Zakaria ilikuwa na haki ya kusema kwa sauti.

Daktari Ursule aliivua bandeji. Alisafisha, akainama karibu kabisa na kidonda, akaweka kitambaa safi pembeni mwa mshono na kukikandamiza kwa vidole viwili. Akakaa hivyo. Safiya alikuwa akimtazama mama yake. Pumzi zake zilikuwa bado fupi, ila si kama jana. Sasa aliweza kusema sentensi nzima bila kusimama katikati, na ile namba ya kidoleni, pamoja na oksijeni, ilikuwa imepanda hadi tisini na kidogo. Kuna kitu kilikuwa kimeanza kugeuka. Hakuna aliyejua kama kitaendelea.

"Mama wa Safiya," daktari aliita. "Njoo."

Sikujua hakutaka. Miguu ilikwenda.

"Tazama." Daktari aliinua kitambaa. Mshono ulikuwa mkavu. Walisubiri. Kwenye pembe, baina ya nyuzi mbili, tone moja la damu likajitokeza, dogo mfano wa mbegu ya mpapai, likakaa. "Inatoka kwenye ngozi, hapa. Tumbo lenyewe ni laini, presha yake imesimama. Damu hii ninaiona. Nikiibana inanitii. Ikizidi, nitapunguza dawa, nitaongeza uzi, nitamupa damu kama ipo. Lakini dawa ya jana imekaribia kuisha mwilini. Lazima nijue sasa."

"Na ile nyingine?" Sikujua aliuliza. "Ile ya muguuni?"

"Ile siioni ikitembea, na mukono wangu haufiki inakokwenda. Kikikatika kipande kingine, kikubwa kuliko cha jana…"

"Utakuwa na la kufanya?"

"Kidogo sana, mama. Sitakudanganya."

"Na sindano ikichomwa, unaapa hatakufa?"

"Siapi."

Zakaria alipiga viganja. "Mumesikia? Yeye mwenyewe haapi! Tumungoje Alfani."

"Alfani iko mutoni, papa," Orpha alisema kwa upole. "Muto haijui kama muke yake anaumwa."

Sikujua alirudi kitandani akaketi ukingoni, mbali na ule mguu. "Wewe unasema nini?" alimuuliza binti yake.

"Usiniulize mimi," Safiya alisema. "Nikianza kusema nitalia, na nikilia hewa haitoshi. Ninaogopa zote mbili, mama. Amua wewe."

"Mimi ndiye nilikukanda."

"Najua. Nilikuwepo." Midomo yake ilicheza, karibu kucheka. "Amua tu."

Sikujua alitazama mikono yake. Alikuwa ameinawa kwa sabuni mara nyingi tangu jana, na bado aliona kama inang'aa. Mikono hii ilikuwa na hakika kamili jana asubuhi. Haikutetemeka hata kidogo wakati ilipokuwa inaua. Sasa hakuwa na hakika ya kitu chochote, na mtu aliyekuwa mbele yake, aliyesoma miaka yote hiyo, naye alikataa kuapa. Aliifikiria damu ya mtumbwini. Hakuna aliyeikandamiza ile, kwa sababu hakuna aliyejua inakotokea. Hakuna aliyekuwa na uzi, wala chupa, wala kidole cha kuweka juu yake. Walikuwa na kopo. Tone la mbegu ya mpapai lilikuwa bado pale kwenye pembe ya mshono, halijakua, linaonekana na kila mtu.

Aliogopa. Alingoja ile hofu ipungue ili aweze kusema, akaona kwamba haitapungua, na kwamba ikiwa atasema itambidi aseme akiwa nayo.

Akasimama. Akajifunga kanga upya kiunoni, akamgeukia Zakaria, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi. Micheline aliacha kumbembeleza mtoto. Orpha, mwenye trei mkononi, alisimama alipokuwa.

"Papa Zakaria, bokilo yangu, nisamehe. Najua neno si langu," Sikujua alisema, na sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka, lakini ilitoka. "Sindano itachomwa. Ya sasa, na ya jioni, na za kesho, mpaka docteur aseme basi. Akitoka damu, tutaibana. Na kwa kuwa itahitajika damu ya akiba, wewe na Mama Micheline mutashuka maabara sasa hivi mupimwe, na mimi nitawafuata. Alfani akirudi na akakuta msiba, musimwambie ni docteur, wala musimwambie ni wewe. Mumwambie ni mama mkwe wake aliyeamua."